Hesabu pumzi kwanza

Ukimuuguza mtu wodini hapa Kampala utajua, usiku nesi mmoja wagonjwa wamejaa mpaka kwenye korido, anayegundua mtu kabadilika ni ndugu aliyelala kwenye mkeka. Ndio maana napenda ule mfumo wa Uingereza wa kugundua mapema mgonjwa anayezidiwa, unaitwa NEWS, upo tangu 2012, yaani unapima pumzi, oksijeni, presha, mapigo ya moyo, joto na kama mtu anajitambua, kila kimoja kina pointi zake halafu unajumlisha, ikifika 7 hiyo ni dharura. Siku hizi kompyuta inajumlisha yenyewe na kumtumia daktari meseji.

Kinachosahaulika ni pumzi jamani! Mtu mzima akivuta mara 25 au zaidi kwa dakika tayari ana pointi 3, na mara nyingi pumzi inaenda mbio kabla presha haijashuka. Ile klipu ya kidoleni ya kupima oksijeni nayo safi, ila kidole kikiwa baridi au kina rangi ya kucha inaweza kukudanganya.

Shida kengele za hizo mashine zikilia ovyo watu wanazizoea, wanazizima tu, kwa hiyo mimi naona waongeze manesi kwanza ndio walete mashine, na betri juu, maana umeme wetu mnaujua.