Jinsi nilivyoondoa njia za picha zilizoandikwa kwa mkono katika Flutter

Programu yangu ya Flutter (zana ya Google ya kutengenezea programu za simu na nyinginezo) ilijengwa bila tatizo, ila mtumiaji akifungua ukurasa, picha haionekani. Faili lilikuwa limebadilishwa jina, huku njia yake ya zamani, 'assets/picha/nembo.png', ikibaki kwenye msimbo kama maandishi tu. Kompaila, yaani kitafsiri cha msimbo, haikagui maandishi.

Niliongeza flutter_gen_runner na build_runner, vifurushi vya kuzalisha msimbo, kwenye dev_dependencies (orodha ya zana za wakati wa kutengeneza) za pubspec.yaml, faili la mipangilio ya mradi, nikaendesha `dart run build_runner build`. Likazalishwa faili lib/gen/assets.gen.dart, lenye kila picha kama jina la msimbo. Sasa, badala ya njia ile, naandika Assets.picha.nembo.image(). Picha ikifutwa au kubadilishwa jina, nikizalisha upya, kompaila inagoma papo hapo na kunionyesha mstari wenyewe. Hilo ndilo nililotaka hasa!

Folda ya picha lazima itajwe chini ya assets kwenye pubspec.yaml, la sivyo haitaonekana. Amri hiyo nimeiweka pia kwenye seva ya kujengea, kabla ya majaribio.