Maji yalikuwa yanaishia wapi Ujiji

Nilikwenda Kigoma kwa ajili ya harusi ya binamu yangu. Harusi ilikuwa nzuri, tulikula, tukacheza hadi alfajiri, maharusi wamekwenda kwao salama. Ninachotaka kukiandika ni jioni ya Jumanne pale Ujiji.

Ila kwanza treni. Kutoka Tabora hadi Kigoma ni kilomita kama 400, na sisi tulizimaliza kwa usiku mzima na asubuhi yake yote. Daraja la tatu lilijaa mpaka mlangoni. Mama aliyekaa mbele yangu alikuwa na madumu manne ya asali, moja likawa linanivujia kiatuni taratibu hadi Kaliua. Nguruka walikuja wauza samaki madirishani, na bei yao ni ileile ya sokoni kwetu. Samaki wa Malagarasi, mlangoni kwa Malagarasi! Uvinza ilinipita nimelala. Kigoma nako, kwenye gesti niliyolipia 25,000 kwa usiku, maji yalikuwa yanatoka saa kumi alfajiri kwa nusu saa, ukipitiwa na usingizi umekosa.

Basi Jumanne nikasema sirudi nyumbani bila kuuona mwembe wa Livingstone, ule ambao inasemekana chini yake Stanley, mwandishi wa gazeti, alimkuta Livingstone, mmisionari na msafiri, mwaka 1871. Sisi wa Tabora tumekua na tembe la Kwihara, pale nje kidogo ya mji, ambako Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwaka 1872 baada ya kutoka Ujiji. Shuleni tulipelekwa mara mbili. Kwa hiyo nusu ya hadithi ninayo tangu utotoni, nilikuwa naitafuta nusu yake ya huku ziwani. Kijana wa bodaboda pale stesheni akataka 5,000, tukabishana, tukaelewana 3,000.

Tumeshaingia Ujiji, tairi la nyuma likapasuka. Hatujamaliza hata kulitazama, mvua ikashuka, mvua nzito ya ziwani isiyoanza na manyunyu. Tukakimbilia baraza ya kwanza tuliyoiona. Palikuwa na wazee watatu wanakunywa kahawa, na pembeni bibi mmoja amekaa na chupa zake za mawese amezipanga juu ya kibao.

"Shikamooni."

"Marahaba. Sogea huku ndani, mwanangu. Pikipiki iache inyeshewe, haiugui mafua."

Wakanipa kikombe kidogo cha kahawa na kipande cha kashata. Mzee mwenye kofia ya vito akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tabora.

"Aaa, Mnyamwezi! Leo umembebea nani mzigo?"

Walicheka wote, nami nikacheka, maana huo utani una ukweli ndani yake. Babu zetu ndio waliobeba. Kabla reli haijafika, pembe za ndovu zilishuka pwani juu ya mabega ya Wanyamwezi, na nguo, shanga na nyaya zikapanda bara juu ya mabega hayohayo.

Nikawaambia natafuta mwembe. Yule mzee akatikisa kichwa.

"Kila mgeni anatafuta mwembe. Ule wenyewe ulikufa, hii mnayoiona sasa ni wajukuu zake. Mimi nina swali langu, na nimelibeba miaka mingi. Pale kwenye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na ziwani leo ni mwendo. Sasa zamani zile, maji yalikuwa yanaishia wapi?"

Hapo ndipo jioni yangu ilipoishia. Mzee wa pili akasema maji hayakuwahi kufika karibu na mwembe, mwembe ulikuwa wa sokoni. Wa kwanza akasema soko lenyewe lilikuwa ufukweni, mitumbwi inafungwa hapohapo. Akachukua chupa moja ya mawese ya yule bibi akaisimamisha sakafuni, huo mwembe. Kofia yake akaiweka hatua mbili mbele, hilo soko. Kisha akachovya kidole kwenye kahawa akachora mstari juu ya saruji, hayo maji. Mwenzake akaufuta mstari kwa kiganja akauchora upya, mbali, karibu na ndala zangu. Walifutiana mstari ule mara nne au tano, hadi sakafu ikawa yote ya kahawia.

Bibi alikuwa kimya muda wote. Mwishowe akasema, "Rudisheni chupa yangu." Akaifuta kwa khanga, ndipo akaongea. Mama yake bibi yake aliletwa kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, akiwa binti mdogo. Alikuwa akiwasimulia kwamba alipotoa mguu kwenye mtumbwi alikanyaga maganda ya ndizi, kwa sababu soko lilikuwa palepale, kelele na harufu ya samaki vikampokea pamoja.

Nikauliza, "Aliletwa na nani, bibi?"

"Aliletwa. Alisema hivyo tu."

Hakuna aliyeongeza neno. Mzee wa kofia akamimina kahawa nyingine, akamwanzia bibi.

Mzee wa tatu, mwalimu mstaafu, ndiye aliyelifungua swali lile. Alisema wote wawili wana haki, kwa sababu ziwa halikukaa mahali pamoja. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo, na miaka ile mlango huo ulikuwa umeziba kwa udongo na matete. Maji yakawa yanaingia hayatoki, ziwa linapanda. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 alikuta michikichi aliyoiacha sokoni mwaka 1871 imesimama ndani ya maji. Miaka michache baadaye kizuizi cha Lukuga kikavunjika, na ziwa likashuka mita kama 10 kabla ya karne kwisha. Ujiji ikaachwa juu, ufuko ukaenda zake.

Mzee wa kofia alinyamaza kwa muda. "Kwa hiyo mama yake bibi wa huyu alikanyaga sokoni kweli."

"Kweli kabisa," mwalimu akajibu.

"Na sasa linarudi," bibi akasema. Kibanda cha mwanawe kule Kibirizi kiliingiwa na maji ziwa lilipopanda miaka hii ya karibuni, wakahamisha dagaa usiku.

Kutoka hapo maswali hayakukatika. Kwa nini treni iliipita Ujiji, mji mkubwa wenye misikiti na soko, ikaenda kulala Kigoma mwaka 1914? Mwalimu akasema ni ghuba: Kigoma maji yana kina na yamejikinga na upepo, meli kubwa inasogea hadi gatini, na Ujiji ufuko ni wazi na wa kina kifupi. Mzee wa pili hakuridhika. Kwake yeye Wajerumani waliukimbia mji uliokuwa na wenyewe. Nilipenda kwamba hakuna aliyemkatiza. Wakaingia kwenye Liemba, meli ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 baada ya kuipaka mitambo yake mafuta mazito isishike kutu, Waingereza wakaiibua, ikarudi kazini mwaka 1927. Kila mmoja pale aliwahi kusafiri nayo au kumsindikiza mtu, na kila mmoja alitaka kusema alikaa upande gani.

Mvua iliisha zamani. Bodaboda alishaziba pancha, amekaa chini anasikiliza. Alizaliwa Ujiji, na aliniambia njiani hakuwahi kuyasikia yale.

Kesho yake asubuhi nilifika kwenye mnara. Kuna jiwe lenye ramani ya Afrika, miembe, na ndani ya makumbusho sanamu za wazungu wawili wamevua kofia wakisalimiana. Nilizitazama dakika chache. Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyemkimbilia Stanley siku ile kumpokea kabla Livingstone hajatoka nje, alistahili kusimama katikati yao, kwa maoni yangu. Halafu nikashuka kwa miguu hadi ziwani nikihesabu hatua, kwa ajili ya wale wazee. Nikafika mia tano na kitu, akanipita mtoto na ndoo ya migebuka akanisalimia, hesabu ikanipotea.

Jioni ile kabla sijaagana nao, mzee wa kofia alinishika mkono hakuuachia. "Sasa na wewe beba mzigo. Livingstone alipokufa mwaka 1873, watumishi wake akina Susi na Chuma waliubeba mwili wake wakapita nao kwenu Unyanyembe. Cameron, msafiri Mwingereza waliyemkuta huko, akawashauri wamzike hapo, wakakataa, wakaenda nao hadi pwani. Nenda kawaulize wazee wa Tabora, nani kwao alikuwa anasimulia kuuona msafara ule? Na ukoo gani bado unamtaja kwa jina babu aliyebeba mzigo hadi hapa kwetu?"

Sikuwa na jibu, na iliniuma. Kwetu Tabora tunapita chini ya miembe ya zamani kila siku tukitafuta kivuli tu. Sikumbuki baraza hata moja ya mtaani kwetu ambako nimesikia wazee wakigombania mstari wa kahawa.

Nilimpigia mama nikiwa stesheni, treni imechelewa saa tatu. Nikamuuliza kwetu nani alikuwa mpagazi. Akafikiri. Akasema babu yake babu yangu alikuwa na bega moja gumu kama kisigino, watoto walikuwa wanaruhusiwa kulibonyeza, lakini habari za safari zake yeye hazijui.

"Muulize bibi yako mdogo wa Kipalapala. Yeye aliisikia hadithi yake kwa mama yake mwenyewe. Ana miaka tisini, wahi."

Nimeshanunua sukari na khanga. Jumapili baada ya misa nakwenda Kipalapala.