Tulivyodanganywa na herufi d

Kikundi chetu cha watu tisa kina hifadhi ndogo ya maandishi ndani ya Tor, mtandao unaoficha watumiaji na seva zilipo, na mwenye seva ni mimi. Anwani yake ina herufi 56 kabla ya .onion. Hakuna anayeikumbuka kichwani, hata mimi. Tulikuwa tukitazama sita za mwanzo na ile ya mwisho, zikilingana, unaingia.

Siku moja mwenzetu akaniandikia: "Kaka, mbona nenosiri langu linakataliwa? Jana nimeingia vizuri." Nikamwomba anwani aliyoitumia. Nikaiweka chini ya yetu halali na kuifuata kwa kidole. Sita za mwanzo, sawasawa. Kwenye ya saba zikaachana. Ya mwisho d, kama yetu. Siku hiyo alikuwa kwenye kompyuta nyingine, hana anwani yetu, akaichukua kwenye orodha ya viungo ya mtu asiyemjua. Ukurasa bandia ukala nenosiri lake, na mwizi akalibadilisha. Nikaifunga akaunti palepale.

Hiyo d ndiyo iliyoniaibisha, maana mimi ndiye niliyewaambia waitazame. Anwani ya Tor ya toleo la 3 ni baiti 35: 32 za ufunguo wa umma (namba inayoitambulisha seva), 2 za kukagua makosa ya kuandika, na 1 ya namba ya toleo. Namba hiyo ni 3, na katika alfabeti inayoandikia anwani hizi (a hadi z, kisha 2 hadi 7, a ikihesabiwa 0) 3 inaangukia d. Kwa hiyo zote huishia na d! Nilikuwa nimeweka mlinzi mlangoni akague kama mgeni ana pua.

Na zile sita? Alfabeti hiyo ina alama 32, kwa hiyo kuzipata sita unazotaka ni majaribio kama bilioni moja, kazi ndogo kwa kompyuta. Nalijua hilo vizuri, kwani neno linalosomeka mwanzoni mwa anwani yetu nililipata hivyohivyo: niliiacha programu ijaribu funguo moja baada ya nyingine hadi neno litokee, nikaenda kuoga. Nilidhani nawarahisishia wenzangu. Kumbe nilimchongea tapeli chambo.

Nikawaza majina mafupi badala ya anwani ndefu. I2P, mtandao mwingine wa faragha kama Tor, inayo, ila kila mtu anayasoma kwenye kitabu chake cha anwani, na kitabu hicho hujazwa na orodha alizojiunga nazo. Wawili wenye orodha tofauti wanaweza kuandika jina moja wakafika kwa watu wawili. Namecoin, mfumo wa majina wa aina ya Bitcoin ulioanza 2011, huandika majina kwenye daftari la pamoja, lakini jina ni la aliyewahi. Nikaona kote huko nabadilisha tu mtu wa kumwamini.

Tukarudi kwenye njia ya kizamani. Kila mmoja alinipigia simu, akanisomea anwani aliyonayo, herufi nne nne, mafungu 14. Asome yeye, si mimi. Nikisoma mimi, anaitikia "ndiyo, ndiyo" bila kuangalia. Alfabeti hiyo haina 0, 1, 8 wala 9, kwa hiyo mmoja aliposoma "nane" nikajua ni b. Ikilingana, anaihifadhi kwenye kivinjari kwa jina alipendalo mwenyewe, na nakala kwenye flashi kwa siku atakayokuwa ugenini. Anwani ikibadilika, kama ilivyotubidi 2021 zile fupi za herufi 16 zilipozimwa, nitatuma ujumbe uliosainiwa kwa ufunguo wangu wa PGP (programu ya kusaini na kufunga ujumbe), ambao alama yake fupi ya utambulisho nayo tuliisomeana simu ileile. Watu wanane, jioni mbili.

Usumbufu umebaki. Juzi mmoja aliandika, "Nimeiweka kabatini." Wawili wakauliza kabati gani. Kwake hifadhi inaitwa Kabati, kwao Stoo, na kwangu bado ni Seva.