Isale mpakani, isale mkononi

Nilipoanza kuuliza habari za mmea uitwao isale katika vijiji vya Kilimanjaro, daftari langu lilikuwa na safu iliyoandikwa "matumizi", na kwa siku mbili niliijaza bila shida: mpaka wa kihamba (yaani shamba la ukoo), kaburi, kuomba msamaha. Siku ya tatu mama mkubwa, ambaye ndiye aliyenipeleka kwa wazee, alilisoma daftari hilo akaniuliza mbona sikuandika ni nani hulipeleka jani na ni nani hulipokea.

Isale, ambalo wataalamu wa mimea huliita Dracaena fragrans, lina majani marefu yanayobaki kijani mwaka mzima na maua meupe yanayonukia sana usiku. Ulaya hukuzwa ndani ya vyungu kuwa pambo la sebule. Kwa Wachagga kazi yake ni nyingine kabisa. Hustahimili kivuli cha migomba, na kipande cha shina kikichomekwa ardhini huota mizizi, kwa hiyo ndilo lililopandwa tangu zamani kwenye mipaka ya vihamba. Jiwe la mpaka laweza kusogezwa kwa usiku mmoja, lakini safu ya masale makongwe haihamishwi bila kuacha mashimo ambayo kila jirani atayaona. Mzee anapomwonyesha mjukuu mwisho wa ardhi ya ukoo, humwonyesha masale yaliyopandwa na watu waliokwisha kufa wote, na ndiyo maana kuyang'oa huhesabiwa kuwa kosa zito kuliko kuharibu ua wa kawaida.

Jani la mmea huohuo ndilo hubebwa kwenda kuomba msamaha. Nilivyoelezwa, mkosaji humtuma mtu anayeheshimiwa na pande zote mbili, akiwa na jani lililofungwa fundo, na aliyekosewa, hata akiwa bado na hasira, huona vigumu mno kulikataa mbele ya wazee. Kulipokea hakumalizi shauri. Kunafungua njia ya watu kuketi, kusemezana na hatimaye kunywa mbege pamoja. Naamini hapo ndipo orodha za matumizi ya mimea zinapokosea, kwa kuwa jani lilelile likichumwa na mtu asiye na kosa wala mjumbe ni jani tu.

Jioni mama mkubwa alinipeleka kwenye mpaka wa majirani wawili ambao ni ndugu. Miaka iliyopita mmoja wao aling'oa masale akaongeza mistari kadhaa ya kahawa, wakakaa bila kusalimiana hadi alipotuma jani kwa mkono wa mjomba wao. Baada ya kupatana walikata vipande kutoka kwenye masale yaliyosalia, wakavichomeka wenyewe pale palipokuwa wazi. Sehemu hiyo ya safu bado ni fupi kuliko nyingine, nami niliipima kwa mkono: inanifika begani.