Kumlinda sato wa uani dhidi ya kulastara, mdiria na mnandi

Anayefuga sato katika bwawa la nyumbani hapa Morogoro hupewa mashauri mengi kuhusu chakula na maji, lakini ni nadra kuambiwa lolote kuhusu ndege mpaka vifaranga waanze kupungua bila ya mzoga hata mmoja kuonekana. Kutoonekana kwa mizoga ni dalili tosha. Samaki wengi wanaokufa kwa kukosa hewa au kwa ugonjwa huishia kuelea, ilhali aliyeliwa huacha pengine magamba machache ukingoni, na kwenye tope alama ya mguu wenye vidole vitatu mbele na kimoja nyuma.

Nionavyo mimi, hakuna kinga moja inayowafaa ndege wote, kwa kuwa kila mmoja ana namna yake ya kuvua. Mfugaji anayekimbilia dukani kununua wavu kabla ya kumjua mwizi wake anaweza kutumia fedha nyingi kuziba njia ambayo mwizi huyo haipiti.

Kulastara wa kijivu, ambaye akisimama hukaribia urefu wa mita moja, kwa kawaida hutua kando ya bwawa kisha huingia majini kwa miguu, hatua kwa hatua, na kutulia kwa muda mrefu kabla ya kuchoma kwa mdomo. Hupenda alfajiri na machweo, yaani saa ambazo wenye nyumba wengi hawapo uani. Bwawa lenye kingo za mteremko humrahisishia kazi. Lenye kuta zilizosimama wima na kina kinachoanzia nusu mita humnyima pa kusimama. Palipo na mteremko tayari, hufaa kuzungushia ukingo mzima nyuzi mbili za nailoni zilizokazwa kwenye vigingi, mmoja sentimita 20 kutoka ardhini na mwingine 40, kwa sababu uzi mmoja peke yake huuruka au kupita chini yake.

Nyuzi hizo hazimzuii mdiria hata kidogo. Yule mwenye mabaka meusi na meupe huelea hewani juu ya maji huku akipiga mabawa kwa kasi, kisha hujitupa kichwa chini, naye hahitaji tawi wala nguzo ya kuvizia. Mdiria mdogo wa buluu, kinyume chake, huvizia akiwa ametua mahali pa chini karibu na maji, na kwake yeye kung'oa vigingi visivyo na kazi na kufyeka matete ya ukingoni hupunguza hasara kwa kiasi kikubwa. Mnandi ndiye mbaya kuliko wote. Hutua majini, huzama, na humfukuza samaki chini kwa chini, kwa hiyo hata kina kirefu si kinga. Na sisi tulio karibu na bwawa la Mindu hatuwezi kutarajia kwamba atatukosa.

Dhidi ya mdiria na mnandi, wavu wa kufunika bwawa lote ndio dawa, mradi ufungwe ipasavyo. Ulegeapo hadi karibu na maji, kulastara huchoma samaki kupitia matundu, na majani ya mwembe yakijaa juu yake huuvuta chini zaidi. Mirunda ya pembeni na waya uliokazwa katikati huuweka takriban nusu mita juu ya maji, na upande mmoja huachwa ukiwa na kulabu ili ufunguliwe wakati wa kulisha. Matundu ya inchi moja yanatosha. Nyavu kuukuu za kuvulia, ambazo watu huzipenda kwa bei yake, zina nyuzi nyembamba zisizoonekana na huwanasa ndege mpaka wafe; asiye na budi kuzitumia azikaze sana na kuzikagua kila asubuhi.

Kuna kinga nyingine ambayo haigharimu kitu, nayo ni rangi ya maji. Bwawa lililorutubishwa kwa samadi mpaka likawa la kijani huwaficha samaki dhidi ya jicho la juu. Kipimo cha kawaida ni mkono: ukiuzamisha, kiganja kipotee machoni maji yanapofika karibu na kiwiko. Kikipotea mapema zaidi ya hapo, samadi imezidi, na hewa inaweza kupungua usiku.

Hasara ya ndege haiishii kwa samaki aliyemezwa. Minyoo ile ya manjano inayokutwa chini ya ngozi ya sato na karibu na matamvua hukomaa mdomoni na kooni mwa kulastara na jamaa zake. Mayai yake huangukia majini, viluwiluwi vyake huingia kwa konokono, na kutoka kwa konokono huhamia kwa samaki. Ndiyo maana kuondoa konokono na magugu ni sehemu ya kazi hiihii.

Kuhusu sanamu, kanda za kaseti na sahani za CD zinazometameta, nitasema tu kwamba ndege huzizoea upesi. Sumu isitajwe kabisa: huua ndege wasiohusika, mbwa, na pengine mla samaki, na Tanzania inayo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inayowalinda ndege hao.

Si kila bwawa, hata hivyo, linastahili gharama ya wavu. Sato wa jinsia zote wakichanganywa huzaana mpaka wakadumaa kwa msongamano, na mdiria anayepunguza vitoto vyao hamtii mfugaji hasara ya maana. Aliyenunua vifaranga vya dume pekee hana ziada ya kupoteza, naye ningemshauri awalelee kwanza ndani ya “hapa”, yaani kizimba cha wavu wa matundu madogo, yenye kifuniko na iliyofungwa humo humo bwawani, awatoe watakapokuwa wakubwa kuliko mdomo wa mdiria, na fedha ya wavu mkubwa aitoe tu ikiwa mnandi ameonekana.