Nilivyoingiza kichwa ndani ya jiwe

Kipande chenyewe cha jiwe la mchanga hakikuzidi ncha ya kidole. Tulikipiga siti skani, yaani eksirei zinazoonyesha ndani ya kitu tabaka kwa tabaka, nikabaki na picha 1,000 za vitundu vyeusi kati ya punje za kijivu. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: maji yakiingilia juu, yanapita wapi hadi yatokee chini? Nilizipekua mbele na nyuma mpaka macho yakauma, nikajiridhisha kwamba kuna njia kuu mbili zinazokutana katikati. Nikazichora kabisa.

Mwenzangu akanitania: "Si uingie humo humo ukaone?" Alikuwa na miwani ya uhalisia pepe, ile inayokufanya ujione uko ndani ya picha. Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois kilichoko Chicago walionyesha CAVE, chumba ambacho kuta zake ni skrini, mtu anasimama katikati ya data yake. Mimi nilidhani ni mchezo wa watoto.

Siku ya kwanza nusura nitapike. Picha 1,000 zenye vidoti 1,000 kwa 1,000 ni vidoti bilioni moja, gigabaiti 2 kwa biti 16 kila kimoja. Miwani inataka fremu 90 kwa sekunde, tena kwa kila jicho, na kompyuta yetu ilikuwa ikikokota. Ukigeuza shingo, jiwe linakuja nyuma yako kama limelewa. Nikapunguza vidoti nusu kila upande, data ikabaki sehemu moja ya nane, na safari hii nikakaa kwenye kiti cha kuzunguka.

Nikainama, nikaingiza kichwa kwenye tundu. Njia zangu mbili hazikukutana! Moja ilipita nyuma ya nyingine, katikati kuna ukuta mwembamba. Nikapandisha kidogo kiwango cha mwangaza ambacho kidoti kilicho chini yake huhesabiwa kuwa tundu: ukuta ukatoboka. Nikashusha, ukaziba. Kumbe makutano yale niliyatengeneza mwenyewe kwa namba niliyoichagua bila kufikiri.

Sikushangilia, maana kupunguza data nako hufifisha kuta nyembamba. Nikarudi kwenye data kamili, nikapiga hesabu ya mtiririko kwa viwango vitatu. Viwili vya chini, njia zilibaki mbalimbali. Cha juu tu ndicho kiliziunganisha. Kwenye ripoti niliweka matokeo yote matatu, ule mchoro wangu nikautoa.