Panya mwenyeji

"Mama, hapa wanaposema panya mwenyeji, ni yupi?"

Kitinda mimba wangu anajiandaa na mtihani wa famasia. Mimi nilikuwa barazani nachambua dagaa. Nikamwambia anisomee.

Panya dume huachwa kwenye kizimba siku kadhaa mpaka akione ni kwake, kisha huingizwa dume mgeni, na watafiti wakahesabu mara anazomvamia. Mwenyeji akipewa dawa ya kutuliza wasiwasi kwa dozi kubwa, hupoa, mara nyingi kwa kuwa mwili umelegea. Kwa dozi ndogo, wapo wanaozidi ukali. Hata panya anayenyonyesha. Tena ni dawa za jamii ileile iliyosifiwa kwa kuwatuliza kima wakali, kabla Librium, dawa ya kwanza ya jamii hiyo, haijaingia sokoni mwaka 1960.

Mikono ikaniganda kwenye ungo.

Ujiji, mwaka ule ziwa lilipomchukua Baba Mdogo. Baba hakupata usingizi, akapewa diazepamu, dawa ya jamii hiyohiyo, kwenye zahanati. Nusu kidonge kila jioni.

Usiku wa tatu alikaa kitandani kimya, kajitanda shuka la Mama la maua, karabai inavuma juu ya msumari. Hodi. Akaingia jirani yetu, yule waliyekuwa mtumbwi mmoja na Baba Mdogo, akarudi peke yake. Alishika sahani ya migebuka iliyofunikwa kawa. "Pole, ndugu yangu," alisema, basi. Baba akainuka na kasia. Ncha yake ilikuwa imezungushiwa waya wa shaba pale ilipopasuka. Nauona mpaka leo ule waya ukimeremeta. Likapiga kizingiti, kibanzi kikaruka. Migebuka chini. "Toka kwangu!" Baba, ambaye hata mbuzi hakuwahi kuwafokea. Jirani akatoka kinyumenyume, viganja wazi, akimwita kwa jina lao la utotoni.

Mama alivitupa vile vidonge chooni. Jirani akahamia Kibirizi. Na mtaa mzima ukaamini Baba alijua jambo kuhusu siku ile ziwani. Niliamini na mimi.

Binti yangu anasema binadamu si panya, kwa watu hali hiyo hutokea kwa nadra. Nimemwelewa. Lakini Baba kafa bila kuulizwa, na jirani kazeeka na lile kasia mgongoni.

"Kidonge kilikuwa cha miligramu ngapi?" akaniuliza.

Sijui, mwanangu. Niliona nusu tu, kwenye kiganja cha Mama.